Mtamba wa Kaka na Mashine ya Naisula

Ukishuka stendi pale Chanika, Handeni mjini, ukafuata maduka ya upande wa soko, utakuta kibanda cha bluu kilichoandikwa kwa brashi: PICHA, KUCHAPA, VIDEO ZA HARUSI. Maneno ya mwisho yamepauka kuliko mengine, kwa sababu yaliandikwa zamani na mkono wa mtu mwingine. Naisula hakuyafuta. Wateja wakimuuliza kama kweli anatengeneza video, alikuwa akijibu, "Bado," kisha anarudi kukata picha za pasipoti kwa mkasi, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Aliyeyaandika maneno yale ni kaka yake. Wote wawili walizaliwa kwenye boma la Mzee Nkoitiko, kule tambarare za Mazingara, ambako wakati wa kiangazi vumbi hutangulia kufika nyumbani kabla ya ng'ombe. Kaka ndiye aliyetoka kwanza. Alianza kwa kuchaji simu za watu, akaingia kwenye kuwarushia nyimbo kwenye simu zao, mwisho akawa mpiga video anayejulikana kuanzia Handeni mpaka Mombo. Akafa kwa pikipiki kwenye barabara ya Korogwe, karibu na Sindeni, akitoka kununua kifaa cha kompyuta yake. Boksi la kile kifaa lilikutwa limelala kwenye nyasi, halina hata mkwaruzo.

Jina lake halitajwi hapa, na si kwa kusahau. Kwenye boma la Mzee Nkoitiko, kama kwa Wamaasai wengi, jina la aliyekufa halitamkwi. Linakwenda naye. Mama yao, Naisiae, anayeweza kuwaita ng'ombe wake wote mmoja mmoja gizani, alikuwa na jina moja ambalo meno yake yalikuwa yamelifungia. Wakitaka kumzungumzia walisema "yule," au walinyamaza tu, na kila mtu akajua kimya kile ni cha nani. Kwa hiyo na hapa litakaa kimya, mpaka litakapotoka lenyewe.

Na lilitoka. Lakini kwanza kompyuta.

Kaka alinunua kompyuta yake jinsi baba yao anavyonunua dume mnadani. Mzee Nkoitiko humzunguka mnyama, anaangalia nundu, anaangalia pembe, anapiga kofi moja mgongoni, basi. Kaka naye aliona nundu. Alipata kadi ya picha, kile kifaa kinachochora picha kwenye kioo, kubwa kama tofali, ina feni mbili na taa zinazobadilika rangi. Akaichomeka ndani ya kasha kuukuu lenye pawa saplai ya bei ya chini, yaani kile kibati cha nyuma kinachogawa umeme kwa vifaa vyote. Vijana wa Chanika walikuja kuishangaa. Ikawaka, ikapendeza, wakapiga nayo picha.

Halafu mchana mmoja, akiwa katikati ya kutengeneza video ya harusi ya binamu yao Nemayian, mashine ikatoa mlio kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Harufu ya plastiki ikajaa kibandani. Kadi ikafa, na mazabodi, ubao unaobeba vifaa vyote, ukafa nayo. Kilichobaki ni hadi diski, chuma cha kuhifadhia kazi, nayo ilikuwa majeruhi. Ukiisogeza sikioni ilikuwa inagonga kidogo, tik, tik, kama kucha kwenye bati. Siku chache baadaye kaka akaenda Korogwe, na hakurudi.

*

Mama hakuomba moja kwa moja. Alisubiri mpaka Naisula alipokwenda nyumbani kusalimia, wakawa wanakamua, kila mmoja ubavuni kwa ng'ombe wake, hawaonani uso.

"Ile harusi ya Nemayian," mama alisema, "bado imo ndani ya lile dude?"

Naisula aliendelea kukamua. "Sijui, yeyo." Ndivyo wanavyomwita mama kwa Kimaasai.

"Nataka kumwona Nemayian alivyopendeza."

Nemayian anakaa boma la pili kutoka pale. Mama alikuwa anamwona kila siku akienda kisimani.

"Nitaangalia," alisema Naisula.

Mama aliingia ndani akatoka na furushi la shuka nyekundu. Ndani yake kulikuwa na ile hadi diski, na chini yake lile boksi la kwenye nyasi. Hakuna aliyekuwa amelifungua. Gundi ya dukani ilikuwa bado imeshika.

Mzee Nkoitiko alisikia habari ya kompyuta jioni ile. Asubuhi akamswaga mtamba mmoja, mwekundu mwenye doa jeupe begani, kwenda mnadani. Naisula alimtambua yule mtamba. Alizaliwa na ng'ombe wa kaka. Alama ya sikioni ilikuwa bado ya kaka, kwa sababu ng'ombe wa marehemu huendelea kutembea na wenzao na alama zao, kama hawajaambiwa.

Mchana baba alimkabidhi hela zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa.

"Huyu alikuwa mnyama mzuri," alisema. "Usiniletee moto tena."

*

Duka la Adamu Mhina liko Manundu, Korogwe, kwenye kichochoro kinachonuka chipsi na waya zilizochomwa. Adamu ni Mzigua wa Sindeni, mtu wa maneno mengi, anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika: vimepangwa ukutani kama mafungu ya mahindi, vingine vikining'inia kwa kamba.

"Shikamoo, kaka Adamu."

"Marahaba, dada wa Kimaasai! Leo umekuja na rungu? Maana wenzio wakija kupatana bei naogopa."

"Rungu nimeacha kwa konda."

"Aa, basi leo nakupiga bei ya mjini." Alicheka, halafu akaona shuka nyekundu mkononi mwake, kicheko kikapungua. "Pole sana, mdogo wangu. Tangu msiba sijakuona. Yule bwana alikuwa anakaa pale pale ulipo. Nilikuwa namwambia, wewe..."

Akalitaja jina.

Naisula alishika ukingo wa kaunta. Hakuwa amelisikia kwa mdomo wa mtu tangu mazishi. Ilikuwa kama mlango wa nyumba yao umefunguliwa na mgeni bila hodi. Akageuka nyuma. Kichochoro kilikuwa na muuza karanga tu.

"Usimtaje," alisema. "Kwetu hatuwataji."

"Samahani. Sikujua." Adamu aliweka kiganja kifuani. "Haya, tuseme kazi. Unataka mashine ya nini?"

"Ya kutengeneza video. Na ya kufungua hii." Akaweka furushi mezani. "Ninachoweza kutoa ni ng'ombe mmoja. Hakuna wa pili."

Ndipo akaiona. Ilikuwa juu, rafu ya peke yake, kadi ya picha yenye feni tatu. Adamu aliona macho yake yalipokwenda, akaishusha, akaichomeka kwenye mashine ya majaribio. Taa zikawaka: nyekundu, zambarau, bluu, nyekundu. Rangi zikapita usoni kwa Naisula na ukutani nyuma yake.

Kaka alikuwa na picha ya kadi kama hii kwenye simu yake. Alikuwa akiwaonyesha hata wazee. Siku moja nitaiweka hii, alikuwa anasema, mtakuja kunipigia magoti. Na Naisula, akiwa amesimama pale kichochoroni mchana kweupe, akamsikia tena, karibu kabisa na sikio la kushoto, upande ambao kaka alikuwa akipenda kukaa: Chukua. Chukua hiyo, mdogo wangu. Unaogopa nini?

"Nitachukua hii," alisema.

Adamu hakuifunga. "Ukichukua hii, ng'ombe wako ameisha kuanzia kichwa mpaka kwato, umebaki na mkia. Huo mkia utanunua prosesa? Utanunua ramu? Hadi diski mpya?"

"Nitatumia za bei ndogo."

"Hebu nikuulize. Unajua mabasi yanavyosimama Mombo? Abiria wanashuka mbio, dereva anapiga honi, kila mtu anataka wali wake. Sasa mama pale ana mpishi hodari, mkono kama umeme, ila sahani mbili tu. Itakuwaje?"

Naisula alitabasamu bila kutaka. "Watagombana."

"Mpishi ndiye prosesa. Sahani ndizo ramu. Na mchele nao usiwe stoo ya mbali kila mara mtu anatumwa. Hiyo ndiyo hadi diski ya zamani, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na basi linaondoka. Kuni ndizo pawa saplai. Sasa wewe unataka kutoa hela yote ununue kibao kizuri cha tangazo la mgahawa, chenye taa. Video za harusi, dada yangu, ni mpishi na sahani. Hiyo kadi kubwa ni ya vijana wa magemu. Kadi ndogo tu inakutosha, au hata ile inayokuja ndani ya prosesa."

Chukua, ilisema sauti ya kushoto.

"Yeye alikuwa anaitaka," Naisula alisema. Sauti yake ilitoka ndogo.

Adamu aliinama akaegemea kaunta. Hakuwa tena mfanyabiashara.

"Kadi hii ilikuwepo siku ile ya mwisho alipokuja. Hapo hapo juu. Nikaiwasha kama nilivyokuwashia wewe, maana mimi nauza, sikufichi. Aliiangalia kidogo tu. Akasema, zima, Adamu, hicho ndicho kilichoniunguza. Unafikiri alikuja kununua nini?"

Naisula alitazama lile boksi ndani ya shuka, gundi yake haijaguswa. Alikuwa amelibeba toka Mazingara bila kujua kilichomo. Nyumbani wote waliamini ni kadi nyingine. Baba aliamini hivyo. Siku nyingi walikuwa wakimkasirikia marehemu, kimya kimya, kwa kufa kwa ajili ya nundu.

Adamu akampa wembe. Yeye mwenyewe hakuligusa.

Ndani kulikuwa na kibati cheusi, kizito, waya zake zimefungwa vizuri kama nywele za mwanafunzi. Pawa saplai. Ya kweli, si zile zinazokuwa nyepesi mkononi kwa sababu ndani ni hewa tupu.

"Alipatana na mimi mpaka nikataka kulia," Adamu alisema. "Nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Hii ukiiweka, mashine yako haiungui. Na hela ya kuni unayo bado, ipeleke kwenye sahani."

Naisula alisubiri sauti ya kushoto iseme kitu. Haikusema. Akagundua kwamba ile sauti ilikuwa ya kaka wa zamani, kaka wa kabla ya moshi. Yule wa mwisho, aliyepita njia ya Sindeni na boksi limefungwa nyuma ya pikipiki, alikuwa amekwishabadili mawazo, na hakuna nyumbani aliyepata nafasi ya kumsikia.

"Zima hizo taa," alisema.

Wakaanza kujenga. Prosesa ya kati, si mpya, ila ya familia iliyo imara. Mazabodi inayoipokea bila kuibana. Ramu mbili zinazolingana, na nafasi ya kuongeza baadaye akipata. SSD mpya, kijidiski kisicho na kitu kinachozunguka, kwa ajili ya kuhamishia kazi za kaka kabla ile ya zamani haijakata roho. Kadi kubwa ikarudi juu. Kasha akachagua moja lenye kutu kidogo pembeni, maana kasha halifikirii wala halikumbuki. Naisula alichagua kila kitu kama anayepeleka kundi kisimani wakati wa kiangazi, akiangalia nyuma zaidi kuliko mbele, akimtafuta atakayechelewa.

"Na sauti?" Adamu aliuliza. "Hedfoni? Spika?"

Hela zilikuwa ukingoni. Mlangoni palikuwa na zile za masikioni za kijiweni, zimening'inia kwenye kadibodi.

"Hizi zitanitosha."

"Mh. Hizo zinatoa sauti nusu."

"Zitanitosha, kaka Adamu."

Akachomeka ile hadi diski kujaribu. Tik, tik. Walidhani haitasoma. Kisha kioo kikawaka chenyewe, kikaandika maneno ya kukaribisha, na chini yake, kwa herufi nyeupe, jina. Mashine ilikuwa nyingine, vifaa vingine, mwenye mashine mwingine, lakini ilikuwa inamkaribisha yeye. Haikuwa imepewa taarifa.

Adamu alifumba mdomo safari hii. Kioo kikaendelea, kikafungua ile programu ya video iliyoachwa katikati ya moshi, na swali likatokea: kazi yako ya mwisho haikufungwa vizuri, unataka kuendelea pale ulipoishia?

Walikaa wakiliangalia. Muuza karanga alipita tena akichezesha sarafu zake mkononi.

"Mjibu," Adamu alisema taratibu.

Naisula akabonyeza ndiyo.

*

Kibandani Chanika alifanya kazi ile mchana, wateja wakiwa wachache, mlango ukiwa nusu. Mashine haikukwama. Ilinguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Kitu cha kwanza alihamisha kila kitu kwenye SSD, na hadi diski ya kaka ikagonga, ikagonga, ikamaliza kutoa, ikanyamaza. Haikuwaka tena baada ya hapo.

Mpiga video haonekani kwenye video yake. Naisula alilijua hilo, lakini hakuwa amelifikiria. Harusi nzima ilikuwemo: Nemayian na shanga zake, wazee na blanketi zao, ng'ombe wa mahari, vijana wakiruka. Kaka hakuwemo. Kilichokuwemo ni kivuli chake. Asubuhi kilikuwa kifupi, kimejikunja chini ya kamera kama mbwa. Jua liliposogea kikarefuka, kikatangulia mbele yake, kikapita juu ya miguu ya watu. Kuna mahali watoto wanakikanyaga wakicheka. Na kulikuwa na sauti yake, ya karibu kuliko zote: "Sogea kidogo. Usiniangalie mimi, mwangalie bibi harusi. Hapo hapo." Naisula alijikuta amesogea kwenye kiti.

Tatizo lilikuwa jina. Kila mtu kwenye ile harusi alikuwa akimwita mpiga video. Vijana walimwita ili waonekane wakiruka. Wasichana walimwita kwa kumtania. Mzee mmoja mlevi alimwita mfululizo, akataka apigwe picha akiwa na fimbo yake. Harusi ile ilikuwa imejaa jina lake kama zizi lilivyojaa kwato. Angewezaje kuipeleka Mazingara, kwa mama, mbele ya baba?

Akaanza kuliondoa. Alikuwa anasikiliza, anasimamisha, anakata, anaziba kwa kimya. Kazi ya mchana baada ya mchana. Programu ilimwonyesha sauti kama vilima vidogo, naye akajifunza umbo la jina lile, kilima chenye vichwa vitatu, mpaka akawa analiona kabla ya kulisikia. Alilifuta kila alipolikuta. Usingizini alikuwa akiona vilima vile vikipita kimoja kimoja, vikielekea Korogwe.

Faudhia, jirani muuza vitenge, alichungulia siku moja. "Mbona unalia na kazi inaendelea?"

"Macho tu. Kioo kinaumiza."

"Hicho kioo kimekufanya mchawi. Watu kwenye video wanafungua midomo, hawasemi kitu." Faudhia alijifunika khanga vizuri begani. "Mimi nisingekaa na hao watu humu ndani."

Naisula alirudisha nyuma akaangalia. Kijana anaruka, anageuka kwa kamera, mdomo unafunguka. Kimya. Msichana anacheka, mdomo unafunguka. Kimya. Aliangalia pembeni. Alijiambia ndivyo heshima ilivyo.

*

Jumapili, kule Mazingara, baada ya ibada, Mwinjilisti Joseph aliwaruhusu watu wa boma kubaki kanisani kwa kuwa ndani kuna kivuli. Akawasha jenereta, akaunganisha spika ya kwaya, ile kubwa inayotetemesha mabati. Naisula alikuwa amekuja na mashine imefungwa nyuma ya bodaboda kwa shuka ile ile nyekundu, na walipofika njia panda ya kwenda Korogwe alimwomba dereva apunguze mwendo, akafumba macho mpaka wakavuka.

Watu wa boma walijaa kwenye mabenchi. Mama alikaa mbele. Baba alisimama mlangoni na fimbo yake, kama mtu aliyepita tu.

Harusi ikaanza. Nemayian, mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni, alijifunika uso kwa aibu. Wakacheka, wakaulizana nani yule, wakamtania mzee mlevi. Kivuli kilipotokea mara ya kwanza, kicheko kilikatika, kikarudi. Sauti ya kaka ilipotoka, sogea kidogo, mama alishika goti lake mwenyewe kwa mikono miwili. Midomo kwenye kioo ilifunguka na kufungwa.

Ikafika sehemu wanawake wanaimba kumtoa bibi harusi. Kwa hedfoni za kijiweni Naisula alikuwa ameusikia wimbo tu, mwembamba kama sindano. Lakini spika ya kwaya ilikuwa na kifua. Chini ya wimbo, kwenye sauti nzito ambayo zile za masikioni hazikuwahi kuifikisha, mwanamke mmoja alizungumza taratibu, karibu kabisa na kamera. Mabati yakatetemeka naye.

"Kisioki. Kisioki, mwanangu. Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mama.

Benchi moja lililia. Fimbo ya baba iligonga sakafu, akawa amegeuka kutoka. Naisula aliruka kwenda kwenye waya, akijiona amelichimbua kaburi mbele ya kanisa zima.

"Acha," mama alisema.

"Yeyo, sikuisikia, nilikata zote, naapa..."

"Acha, nimesema. Mimi leo nimefungua mdomo?" Mama hakugeuka, alikuwa anakitazama kioo. "Mdomo wangu umefungwa. Sijamtaja. Huyo ni mimi wa siku ile, namwita mtoto wangu aliye hai. Kuna ubaya gani kumwita aliye hai?"

Na kwa sababu Naisula hakuwa amegusa waya, spika ikaendelea. Kaka akamjibu mama yake, kwa haraka, kama mtu aliyeshika kitu kwa mikono miwili:

"Nitakula nikimaliza, yeyo."

Kwenye kioo kivuli kilikuwa kimerefuka na jua la jioni. Kilikuwa kimelala chini mpaka kwenye viatu vya mama, na mama wa kwenye kioo alikuwa amesimama juu yake bila kujua.

Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari ya ndama, "Hao wengine walikuwa wanasema nini?"

"Wapi, yeyo?"

"Hao wanaofungua midomo hakuna kinachotoka. Walikuwa wanamwita, si ndiyo? Umewaziba." Alitikisa kichwa. "Hao ndio walionitisha mimi. Sio yeye. Wanamwita na haitiki, kama amewakasirikia. Rudisha."

Naisula alimtazama baba mlangoni. Mzee Nkoitiko alikuwa amewapa mgongo, jua limemkata nusu. Hakutoka. Hakuingia pia.

"Lile boksi," alisema bila kugeuka, "kweli haikuwa kadi?"

"Haikuwa, baba. Ilikuwa ya kuzuia moto. Ndiyo imo humu ndani inafanya kazi."

Mzee akavuta benchi la mwisho, akaketi, fimbo katikati ya magoti.

*

Nakala za awali za video zilikuwa zote salama kwenye SSD, kwa hiyo kurudisha kulikuwa kwepesi kuliko kuondoa. Naisula alifanya hivyo pale Chanika, mlango wote ukiwa wazi. Vilima vyenye vichwa vitatu vikarudi kimoja kimoja mahali pake. Vijana waliruka wakamwita. Wasichana wakamtania. Mzee mlevi akadai haki yake. Na kaka akawajibu wote, nakuja, nakuja jamani, subirini, sina mikono minne.

Naisula mwenyewe hakulitamka, wala halitamki mpaka leo. Alikaa tu mikono mapajani, akawaacha wamwite.

Programu ikamaliza, ikauliza kama aifunge. Akabonyeza ndiyo. Feni ikazunguka kidogo, ikapunguza, ikasimama. Aliinama akaweka kiganja nyuma ya kasha, pale kilipo kile kibati cheusi. Kilikuwa na uvuguvugu wa kawaida, kama ubavu wa ng'ombe uliyemaliza kumkamua. Akanusa. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote kinachoungua.

Kesho yake alinunua kopo la rangi, akapanda kwenye kiti, akapitisha brashi juu ya maneno yale yaliyopauka, taratibu, akifuata mkono wa yule aliyeyaandika.